Mughal-e-Azam na Ndoa za Kweli za Wafalme wa Moghul

 

Filamu ya Mughal-e-Azam, iliyoongozwa na K. Asif, ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Bombay tarehe 5 Agosti 1960, baada ya matayarisho ya zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2004 ilitiwa rangi na kurudishwa katika majumba ya sinema, na kizazi kipya kikaijua. Hapa pwani ya Afrika Mashariki, ambako filamu za Kihindi zimetazamwa tangu zama za mabibi zetu, si shida kumpata mtu asiyejua sentensi moja ya Kiurdu lakini akakusimulia kisa cha Salim na Anarkali mwanzo hadi mwisho, na machozi juu yake.

Hatuandiki hapa kutoa fatwa ya kutazama filamu. Suala hilo lina mlango wake. Tunataka kuangalia kile ambacho filamu hii, na baada yake Jodhaa Akbar ya mwaka 2008, zimewafundisha watu kuhusu ndoa za wafalme Waislamu. Somo lenyewe ni hili: mapenzi yalikuwa upande wa mnyonge, na sheria ilikuwa upande wa mfalme. Walioishi katika jumba lile wameandika kinyume chake.

Kisa cha filamu kinajulikana. Mwana wa mfalme Akbar, Salim, anampenda mjakazi mcheza ngoma aitwaye Anarkali na anataka kumuoa. Akbar anakataa kwa kuwa binti huyo ni wa daraja la chini. Baba na mwana wanapigana vita. Mwisho Anarkali anahukumiwa kuzibwa ndani ya ukuta akiwa hai, na ombi lake la mwisho ni kuwa malkia wa Salim kwa usiku mmoja. Anakubaliwa, anavishwa, na nyimbo zinaimbwa, naye analazimika kumlevya mpenzi wake kwa harufu ya ua ili asizuie hukumu. Akbar wa filamu anamwachia kwa siri kwa sababu ya ahadi ya zamani aliyompa mama yake, na Salim hajui. Prithviraj Kapoor aliyeigiza Akbar anatisha kwelikweli, na Madhubala katika minyororo ile ni picha isiyosahaulika. Hatuwanyimi haki yao.

Lakini Anarkali huyo hatajwi na Abul Fazl katika Akbarnama. Hatajwi na Abdul Qadir Badauni, ambaye alikuwa akiandika kwa siri na hakuwa mtu wa kumfichia Akbar aibu. Hatajwi na Salim mwenyewe, aliyekuja kuwa mfalme Jahangir na kuandika kumbukumbu za maisha yake kwa mkono wake, humo akakiri mambo mazito kuliko mapenzi, ukiwemo ulevi wake na kuuawa kwa Abul Fazl mwaka 1602 kwa amri yake. Aliyemwandika kwanza ni mfanyabiashara wa Kiingereza, William Finch, aliyefika Lahore mwaka 1611 na kusikia habari za kaburi la mwanamke wa Akbar. Kwa masimulizi aliyoyapokea Finch, mwanamke huyo alikuwa mke wa Akbar na mama wa mwanawe Danyal. Kisa kama tunavyokijua leo kilikamilishwa na mwandishi Imtiaz Ali Taj katika tamthilia yake ya mwaka 1922, na filamu zikachota humo.

Tazama basi, ndugu msomaji. Kama uvumi wa Finch una ukweli, suala si tena la tajiri na maskini. Mwanamke aliyekuwa wa baba ni haramu kwa mwana milele, kwa nassi ya aya ya 22 ya Sura An-Nisaa, awe mke wa akdi au suria aliyeingiliwa. Watunzi wa tamthilia na filamu walilijua hilo au hawakulijua, hatusemi. Ila wamemwondoa Anarkali katika nyumba ya baba na kumfanya mjakazi asiye na mtu, na kwa hatua hiyo moja uvumi wa jambo la haramu ukageuka kuwa kisa cha mapenzi safi yaliyoonewa.

Tuseme hata hivyo kuwa kisa ni kama kilivyo katika filamu. Je, sheria ilimkataza Salim? Mafakihi wa Kihanafi, ambao ndio waliohukumu katika dola ile, wanaizingatia kufu kwa upande wa mwanamume: yeye ndiye anayetakiwa awe kufu ya mke, na haki hiyo ni ya mwanamke na mawalii wake. Mwana wa mfalme akimuoa aliye chini yake, hapana kufu iliyovunjika. Kumuoa mjakazi kumetajwa katika aya ya 25 ya sura hiyohiyo kwa idhini ya mmiliki wake, pamoja na masharti ambayo madhehebu zimekhitilafiana juu yake. Na kumwacha huru kisha kumuoa ni jambo lililosifiwa katika hadithi sahihi, na Mtume (s.a.w.) alilifanya kwa Bibi Safiyya (r.a.). Khalifa al-Mahdi alimwacha huru Khayzuran na kumuoa, naye ni mama wa Harun al-Rashid. Watu wa Zanzibar hawakuhitaji kitabu kulijua hili: Sayyid Majid na Sayyid Barghash, waliotawala visiwa vile baada ya baba yao, walizaliwa na masuria, na hakuna aliyewaambia kuwa hawafai kukaa katika kiti. Basi kile ambacho Akbar wa filamu anakiita kanuni na uadilifu ni fahari ya ukoo tu, iliyovikwa kilemba cha sheria.

Sasa twende kwenye harusi ya kweli ya Salim, ambayo filamu haikuiona kuwa na faida. Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1569. Tarehe 13 Februari 1585, akiwa kijana wa miaka 15, aliozwa Man Bai, binti wa Raja Bhagwan Das wa Amber, ambaye ni wa ukoo uleule wa mama yake. Makadhi walihudhuria, akdi ikasomwa, na mahari yakatajwa kuwa tanka 20,000,000. Kisha zikafuata desturi za Kihindu, pamoja na moto kuwashwa, kama alivyoeleza Badauni kwa uchungu. Raja alimtoa binti yake pamoja na ndovu mia moja, farasi, vito na watumwa. Fahari ilikuwepo, tena kubwa kuliko mapambo ya filamu. Kilichokosekana katika maandishi yote ni sauti ya bibi harusi. Tunaambiwa idadi ya ndovu. Hatuambiwi kama Man Bai aliulizwa.

Man Bai alimzaa Khusrau mwaka 1587 na kupewa jina la Shah Begum. Baadaye Salim alimwasi baba yake akakaa Allahabad kana kwamba ni mfalme, na sababu ilikuwa kiti cha ufalme, si mwanamke yeyote. Mwanawe Khusrau naye akaanza kushindana naye kwa kiti hichohicho. Shah Begum alisimama katikati ya mume na mtoto, akamsihi mtoto amtii baba yake asifaulu. Akala afyuni nyingi akafa. Jahangir ndiye anayetuambia, na anaeleza kuwa kwa huzuni alikaa siku kadhaa bila kula wala kunywa. Kaburi la Shah Begum lipo mpaka leo katika bustani ya Khusrau mjini Allahabad, mji ambao tangu 2018 unaitwa Prayagraj. Bibi harusi wa kweli aliyeuawa na siasa za jumba lile ni huyu, na hakutungiwa wimbo.

Turudi kwenye ule usiku mmoja wa Anarkali, kwa sababu filamu imegusa, bila kukusudia, jambo lililotokea kweli. Katika filamu hatuonyeshwi kadhi wala mahari. Ni maua na nyimbo, na umalkia wenye muda uliowekwa. Ndoa yenye muda ndiyo hasa iliyojadiliwa mbele ya Akbar wa kweli, katika Ibadat Khana aliyoijenga Fatehpur Sikri mwaka 1575 (983 Hijria), na mwenye haja alikuwa ni yeye mwenyewe.

Badauni alikuwepo, na habari yake ni hii kwa ufupi. Akbar aliuliza ni wanawake huru wangapi anaoruhusiwa mtu kuwaoa. Akajibiwa: wanne. Akasema kuwa katika ujana wake hakuwa akijali hesabu, na sasa anataka njia ya kutoka. Akakumbusha kuwa Shaykh Abd al-Nabi, aliyekuwa Sadr, aliwahi kumtajia mujtahidi mmoja aliyefikisha tisa. Sheikh akajibu kuwa alikuwa akisimulia tofauti za wanavyuoni tu, hakuwa akitoa fatwa. Akbar alichukia. Ndipo lilipoletwa suala la mut'a, na Badauni mwenyewe akasema kuwa kadhi wa Kimaliki akihukumu kuwa inafaa, hukumu itapita hata kwa Mhanafi. Kadhi Yaqub, Mhanafi, hakuridhika. Papo hapo akateuliwa Kadhi Husain Arab, Mmaliki, akahukumu kama alivyotakiwa, na Kadhi Yaqub akaondolewa katika kazi yake.

Hapa pana la kusemwa kifikihi. Madhehebu ya Maliki haihalalishi mut'a. Kumnasibishia Imamu Maliki kauli hiyo kumo katika Hidaya ya Marghinani, kitabu kikubwa cha Wahanafi, na mfasiri wake Ibn al-Humam amebainisha kuwa unasibishaji huo ni kosa. Madhehebu nne zote zinaiharamisha. Wanaoihalalisha ni Shia Ithnaashari, nao wana masharti na hoja zao, wala hawakuhitaji kadhi wa kukodi. Kwa hiyo mfalme alipata ruhusa yake kwa kauli isiyo ya mwenyewe, kutoka kwa kadhi aliyeteuliwa kwa jibu moja. Badauni naye hakutoka msafi katika kikao kile, maana ndiye aliyeuonyesha mlango.

Hii ndiyo sinema ambayo haijatengenezwa. Mfalme mwenye zenana ambayo Abul Fazl anaihesabu kuwa na wanawake zaidi ya 5,000, watumishi wakiwemo, anaambiwa ana kwa ana kuwa hesabu ni nne, na mtu mmoja anapoteza kazi kwa kutobadilisha jibu. Sheria ilikuwa upande gani usiku ule?

Watasema baadhi ya wasomaji wetu: hizi ni hadithi za kujifurahisha, kama Laila na Majnuni, mbona mnazitia mizani? Majnuni hakuwa na kadhi wala hazina wala waandishi wa historia. Akbar alikuwa nao. Atakayechukua jina la mtu, mji wake, mama yake na mwanawe, huyo ametoa khabari, na khabari hukaguliwa. Tena tunaona athari yake nyumbani: harusi zetu zimejaa viti vya enzi na mataji ya kukodi, na walii anaitwa dakika za mwisho kama mtu wa kutia sahihi.

Jodhaa Akbar ya Ashutosh Gowariker ina uhodari wake na kosa jingine. Humo binti wa Raja wa Amber anaweka masharti mawili kabla ya kuolewa, abaki na dini yake na ajengewe hekalu ndani ya ngome, na Akbar anakubali mbele ya watu. Kisha mapenzi yanakua taratibu kati ya wawili wasio na mke mwenza. Ukweli ni kuwa ndoa hiyo ya mwaka 1562 ilifungwa Sambhar kwa haraka, Akbar akiwa njiani kurudi kutoka Ajmer. Raja Bharmal alikuja kwa mfalme kwa sababu gavana Sharaf al-Din Husain alikuwa amemvamia na kuwashika rehani mwanawe na watoto wa nduguze. Alihitaji kinga. Abul Fazl hataji sharti lolote la binti. Akbar, wa miaka 19, alikuwa tayari na Ruqaiya, binti wa ami yake, na Salima, mjane wa Bairam Khan aliyemuoa mwaka 1561. Hata jina la Jodhaa si lake katika vitabu vya zama hizo. Linahusishwa na mkwewe, binti wa Jodhpur aliyeolewa na Salim. Kwa ajili ya jina hilo Warajput waliandamana na filamu haikuonyeshwa Rajasthan.

Nalo suala kubwa kuliko yote filamu imelipita kama wimbo. Jamhuri ya mafakihi hawahalalishi kumuoa mwanamke wa kishirikina abakie katika dini yake, kwa aya ya 221 ya Sura Al-Baqara. Wahanafi waliokubali Wahindu walipe jizya hawakusema kwa hilo kuwa wake zao wanaolewa. Ni milango miwili. Sharti linaloonyeshwa kama kilele cha ukarimu ndilo ambalo kadhi angesimama nalo.

Na mwanamke mwenyewe hakubaki katika ua lake akisubiri kupendwa. Aliitwa Mariam-uz-Zamani, alimzaa Salim, na alifanya biashara ya bahari kwa mali yake. Jahazi lake, Rahimi, lilikuwa likiwapeleka mahujaji Bahari ya Sham. Mwaka 1613 Wareno walilikamata ingawa lilikuwa na hati yao ya kupita, na mwanawe Jahangir akawafungia biashara na kuizingira Daman. Alifariki mwaka 1623, hakuchomwa moto, alizikwa Sikandra karibu na Akbar. Msikiti unaoitwa kwa jina lake, uliojengwa kati ya 1611 na 1614, uko Lahore mbele ya lango la ngome, na bado unasaliwa.