Picha na Kauli: Uhakiki wa Sanaa ya Tshibumba Kanda Matulu

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuihakiki kazi ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1947 na kutoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huenda msomaji akauliza: picha zina uhusiano gani na taaluma ya lugha? Jibu letu ni kwamba kazi kuu ya msanii huyu, yaani historia ya nchi yake katika picha 101, ilichorwa ili isimuliwe, na lugha ya masimulizi hayo ni Kiswahili. Mhakiki anayeshughulikia rangi na mistari peke yake huwa amesoma nusu tu ya kazi yenyewe.

Chimbuko la fani yake

Lubumbashi ilikwisha kuwa na wachoraji mashuhuri kabla yake. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha huko karakana iliyowalea Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Samaki, ndege na mimea yao inapendeza macho, lakini wateja wao walikuwa hasa Wazungu. Tshibumba hakutoka katika karakana hiyo. Fani yake ni ya picha zilizochorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga, zikauzwa kwa watu wa mjini, nao wakazitundika sebuleni. Mojawapo iliyopendwa sana ni ile iitwayo “Colonie belge”: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa kiboko, na ofisa Mzungu anatazama.

Picha ya namna hii iliitwa ukumbusho, na neno hilo linastahili kuchunguzwa. Ukumbusho si sawa na kumbukumbu. Kumbukumbu ni kile kilichohifadhiwa; ukumbusho, kwa kuwa unatokana na kitenzi cha kusababisha, kukumbusha, unadai awepo mtu wa kukumbushwa. Kwa hiyo picha ya sebuleni haikuwa pambo la kutazamwa kimya. Kazi yake ilikuwa kuzusha mazungumzo.

Mabadiliko ya mtindo

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Alimletea picha kwa mafungu, akaisimulia kila moja huku sauti yake ikinaswa kwenye kanda. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1974. Hapo ndipo mtindo wake ulipopanuka. Picha ya sokoni hujitegemea, kwani mnunuzi anakijua kisa chake tangu zamani. Katika mfululizo, kinyume chake, kila picha ni sura ya hadithi moja ndefu: Msiri, mgomo wa wafanyakazi wa migodi wa Desemba 1941, uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, kujitenga kwa Katanga. Hata hivyo msanii hakuutupa urithi wake wa sokoni. Maumbo yake ni sahili, na maandishi ya Kifaransa yamewekwa ndani ya picha yenyewe.

Mfano bora ni picha ya kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito tarehe 17 Januari 1961. Watu watatu wamelala chini. Lumumba ana jeraha ubavuni. Kwa mbali imesimama misalaba mitatu. Anayedai kwamba hapa historia imepotoshwa, kwa kuwa misalaba haikuwapo, hajaielewa fani hii. Msanii hatoi taarifa ya polisi. Anatoa hoja juu ya maana ya kifo hicho. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na katika mazungumzo yake neno mawazo lina uzito mkubwa. Kwake, historia ni kuyawaza yaliyotukia. Ndiyo maana mfululizo wake unaweza kuishia kwenye ndoto na mambo yajayo bila kujipinga.

Suala la lugha

Juu ya kitambaa mna Kifaransa. Kinywani mna Kiswahili. Kifaransa, lugha ya shule na serikali, kinataja jina na tarehe, mithili ya muhuri. Kiswahili ndicho kinachoeleza sababu na kupima lawama. Baadhi ya picha zake zina mpangilio unaofanana mno, hata ni vigumu kuzipambanua bila masimulizi. Huo ni udhaifu ikiwa tunadai picha ijitosheleze. Haumpunguzii sana msanii ambaye tangu awali alikusudia kuitegemeza picha kwa kauli.

Kitabu cha Fabian cha mwaka 1996, Remembering the Present, kimemtendea haki Tshibumba kwa kumchukua kuwa mwanahistoria. Lakini masimulizi yamo humo kwa tafsiri ya Kiingereza, na kwa njia hiyo Mswahili hufikia mawazo ya Kiswahili kwa kupitia mlango wa jirani. Hata hivyo lawama kubwa ni yetu. Tumezoea kukiita Kiswahili cha Kongo kibovu kwa sababu upatanisho wake wa ngeli si ule wa lugha sanifu, kisha tukawaachia wanaanthropolojia matini zake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Tshibumba alikua kutoka ukumbusho wa picha moja hadi historia iliyowazwa kwa ukamilifu, na kwamba ukuaji huo ulitegemea lugha. Lahaja iliyoweza kubeba hoja ya picha 101 haihitaji kuombewa radhi. Masimulizi hayo yanapaswa kusomwa katika idara zetu kwa Kiswahili chake chenyewe, yahakikiwe fani na maudhui kama tunavyohakiki tenzi na riwaya.