Posa, Pete na Hadhara: Maneno ya Uchumba wa Mwimbaji wa Moshi

Shaaban Robert alipouandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapwa mwaka 1958, aliwaonyesha wapenzi wa Kiswahili kwamba maisha ya mwimbaji yastahili kalamu ya heshima. Siti, aliyefariki mwaka 1950, alisimangwa kwa nyimbo kwa ajili ya asili yake, naye akajibu kwa wimbo, na mji wa Unguja ukawa shahidi. Basi si upungufu wa hadhi kuchunguza uchumba wa mwimbaji wa zama hizi, Faustina Charles Mfinanga, ajulikanaye kwa jina la Nandy, mzaliwa wa Moshi, na William Nicholaus Lyimo, aitwaye Billnass, naye pia mwimbaji wa Bongo Fleva. Limpasalo mwanafunzi wa lugha hapa si mapenzi ya watu hao, ambayo ni yao wenyewe, bali ni maneno waliyoyatumia watazamaji katika kuyasimulia.

Habari ya pete kati ya wawili hao ilienea mwaka 2020. Baadaye ikaenea habari ya kutengana. Mwanzoni mwa mwaka 2022 uchumba ukatangazwa tena, na mwezi Julai mwaka huo wakafunga ndoa. Watu wa Kilimanjaro hawakuhitaji kuelezwa majina hayo. Lyimo ni jina la Uchagani, Mfinanga ni jina la Upareni, na baina ya Wachaga na Wapare kuna utani ambao haungoji harusi ili uanze. Lakini hata wasemaji wa huko, ambao kwao posa ni safari ya wazee, walisema kama walivyosema watu wa Dar es Salaam: Nandy amevishwa pete. Ni wachache waliosema kwamba ameposwa.

Tofauti ya maneno hayo mawili si ya mapambo. Kitenzi posa hudai watu watatu. Mwanamume humposa binti kwa wazazi wake, na neno hilo dogo "kwa" ndilo lililobeba ukoo mzima, kwa kuwa humtaja mwenye mlango unaobishwa. Hata mtu asipolitamka, msikilizaji hulidhani lipo. Visha, kwa upande wake, ni hali ya kusababisha ya vaa, ndugu wa vika ya zamani, nacho chataka mvishaji, mvishwaji na kitu kinachovaliwa. Mwanamume humvisha mwanamke pete. Mzee hana nafasi katika sentensi hiyo. Nafasi aliyoiacha haikukaa wazi, kwani wasemaji waliijaza kwa neno "mbele ya": amemvisha pete mbele ya mashabiki, mbele ya kamera, mbele ya marafiki. Mahali pa wazazi katika sarufi pamechukuliwa na watazamaji.

Juu mlimani, kutoka Machame hadi Rombo, jambo hilo lina uzito wake. Posa ya huko hupelekwa na wajumbe. Hutanguliwa na barua au kishika uchumba, hufuatiwa na majadiliano ya mahari, na mbege ya ndizi na ulezi huwa kati ya wazee kama shahidi asiyesema. Kijana mwenyewe huongea kidogo kuliko wote. Binti huitwa mwishoni, akaulizwa kama anawafahamu wageni hao na kama wapokewe, naye hujibu kwa neno moja. Petro Itosi Marealle, katika kitabu chake Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera cha mwaka 1947, aliyaeleza maisha hayo kwa Kiswahili, baada ya wageni waliomtangulia, Bruno Gutmann kwa Kijerumani na Charles Dundas kwa Kiingereza, kuyaandika. Msomaji wake huona upesi kwamba ndoa katika kihamba ni mazungumzo marefu ambayo sehemu yake kubwa husemwa na watu wasiooana.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuisifu posa kwa sababu tu ya ukale wake. Neno moja la binti ni kidogo sana. Wazee wa zamani waliposema kwamba binti ameridhika, mara nyingi walimaanisha kwamba hakukataa kwa sauti. Na simulizi za mlimani zinakumbuka pia wakati ambapo mwanamwali alichukuliwa njiani akabebwa hadi kwa mume. Pete ina ubora huu, kwamba humlazimisha mwanamume amwulize mwanamke mwenyewe, uso kwa uso, na jibu lake ndilo tukio. Wanaoliita jambo hilo uigaji wa Ulaya wamesema kweli nusu tu. Msichana wa Kibosho au wa Usangi ambaye leo hujibu kabla ya baba yake kujibu amepata kitu ambacho sarufi ya posa haikumpa.

Shida basi haiko katika pete, bali iko kwa yule aliyekaa mahali pa mzee. Hadhara si ngeni katika ndoa za mlimani. Wamisionari Wakatoliki walikuwa Kilema tangu mwaka 1891 na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893, na kwa vizazi vingi matangazo ya ndoa yamesomwa kanisani ili mwenye pingamizi aseme. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo yataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, kwa kusudi hilohilo. Lakini hadhara hiyo ilipewa kazi moja yenye mpaka: kusema kizuizi kama kipo, kisha kunyamaza. Hadhara ya mwimbaji haina kazi hiyo wala mpaka huo. Husema kabla, husema baada, nayo haiulizwi.

Mtu akitaka kuona jinsi hadhara hiyo inavyofikiri, na alichunguze neno "kiki". Limetoka katika Kiingereza, likavaa Kiswahili sawasawa, na maana yake ni jambo lililotengenezwa ili kuvuta macho ya watu, hasa wimbo mpya unapokaribia. Neno hili halikupewa heshima linayostahili. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapwa mwaka 1962, alieleza kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda, mathalan ahadi, na kwamba yanaposemwa jukwaani na mwigizaji huwa matupu. Watu wa Kariakoo na wa stendi ya Moshi, bila kumsoma, wameliundia jina tendo hilo tupu. Ahadi ni ahadi, na ahadi iliyosemwa kwa ajili ya jukwaa ni kiki. Mwaka huohuo wa 2022 Harmonize alimvisha pete mwigizaji Kajala mwezi Juni, na kabla ya mwaka kwisha uhusiano huo ukatangazwa kuvunjika. Neno hilo likapata kazi tena. Lina ukatili wake pia. Anayelitamka hujipa haki ya kuamua nia ya mtu asiyemjua, na hakuna jibu ambalo mtuhumiwa aweza kulitoa isipokuwa kuoa.

Nyimbo zenyewe zimechangia, ingawa si kwa kosa la mwimbaji. Majina ya nyimbo za Nandy ni somo zuri la kiambishi cha nafsi ya kwanza: Nagusagusa, Ninogeshe, Nibakishie, Siwezi. Katika Ninogeshe na Nibakishie nafsi hiyo ni mtendwa, mwenye kuomba afanyiwe. Katika Siwezi imeshindwa tayari. Ni ustadi wa kweli, maana sentensi nzima imebanwa katika neno moja ambalo hata mtoto hulishika, na matamshi yake ni safi kuliko ya wengi wa rika lake. Lakini "ni" ya wimbo ni nafsi ya kubuni, kama ilivyo katika mashairi ya mapenzi tangu zamani. Hakuna aliyedhani kwamba kila mtungaji aliyejiita mgonjwa wa mapenzi alilala kitandani. Msikilizaji wa sasa ameisahau kanuni hiyo. Huisoma "ni" kama saini. Billnass alipomshirikisha Nandy katika Bugana, kabla ya ndoa yao, wengi hawakuuliza kama wimbo ni mzuri, waliuliza kama wamerudiana. Uhakiki wa namna hiyo huua wimbo, kwa sababu jibu likipatikana hakuna sababu ya kuusikiliza tena.

Habari ya kutengana ilipoenea, upungufu wa mzee mpya ulionekana wazi. Katika desturi ya Uchagani mwenye kuomba radhi hupeleka isale, jani la mmea uleule unaopandwa mipakani mwa vihamba, na ni vigumu kwa aliyepelekewa kulikataa. Isale hupelekwa na mtu mwenye jina, kwa mtu mwenye mlango. Mashabiki walikuwa na maoni mengi, wengine wakimtetea mmoja na wengine mwenzake, lakini hapakuwa na mmoja wao aliyekuwa na haki ya kupeleka jani hilo.

Hata hivyo watu haohao, baada ya kusema pete kwa miezi, walipouona uchumba wa mwaka 2022 walirudi kwenye swali la kale: mahari ni kiasi gani? Swali hilo halina maana katika sarufi ya visha. Ni swali la posa, nalo laonyesha kwamba "kwa" iliyofutwa ingali yasikika masikioni. Ila katika chumba cha posa huko Marangu au Mwanga, wanaoisikia hesabu ya mahari ndio watakaochangia harusi, na ndio watakaoitwa tena, pengine usiku, siku ndoa itakapoyumba.