Zimwi, Jini na Msukule: Uhakiki wa Mchezo wa Ubao Uliochezwa Majengo, Moshi

Si desturi ya wahakiki wa Kiswahili kushughulika na michezo ya mezani. Tukilitaja bao, aghalabu twalitaja kwa ajili ya msamiati wake tu. Twaziandika istilahi zake na kuishia hapo. Lakini mchezo unaochezwa kwa maneno ni jambo la lugha, na mchezo unaosimulia hadithi ni jambo la fasihi pia. Kwa sababu hiyo namwomba msomaji aniruhusu nihakiki hapa mchezo mmoja wa kigeni, Resident Evil 2: The Board Game, uliobuniwa na Sherwin Matthews na kutolewa na kampuni ya Steamforged Games ya Uingereza, ambao niliucheza kwa jioni kadhaa katika nyumba moja ya Majengo, mjini Moshi. Hoja yangu ni moja. Jina tunalowapa viumbe wa kutisha, pamoja na upatanisho wa kisarufi unaofuatana na jina hilo, ndilo linaloamua ni mchezo wa namna gani tunaoucheza.

Kwanza yafaa kueleza asili yake. Mchezo huu wa ubao umetokana na mchezo wa video uliotolewa mwaka 1998 na kampuni ya Capcom ya Japani, chini ya uongozi wa Hideki Kamiya, nao ulikuwa umetanguliwa na ule wa kwanza wa mwaka 1996. Kisa chake kimewekwa katika mji wa kubuni wa Marekani uitwao Raccoon City. Kampuni ya dawa iitwayo Umbrella imetengeneza kirusi kwa siri. Kirusi kikatoroka, raia wakafa, kisha wakainuka bila akili wala kauli na kuanza kuwala wenzao. Katika mji huo waingia Leon Kennedy, askari polisi aliye katika siku yake ya kwanza ya kazi, na Claire Redfield, mwanafunzi anayemtafuta kaka yake. Kazi yao ni kutoka hai.

Mchezaji wa mchezo ule wa video huketi peke yake mbele ya kioo, na hofu humwingia kwa macho na masikio: mlango unaofunguka polepole, nyayo zinazoburuta nyuma ya ukuta, ukimya wa ukumbi mkubwa. Mezani vitu hivyo havipo. Pana vipande vya ubao vilivyochorwa vyumba, sanamu ndogo, dadu na karata. Basi swali la kwanza la mhakiki ni hili: hofu itatoka wapi?

Yatoka katika uhaba. Mchezo huchezwa na mtu 1 hadi watu 4. Kila mmoja katika zamu yake ana matendo 4: kutembea, kufungua mlango, kupekua, kupiga, au kumpa mwenziwe kitu. Risasi huhesabiwa, na majani ya dawa ni machache. Zamu ikikwisha, viumbe walio karibu hujongea. Kisha mchezaji huvuta karata kutoka bunda ambalo hapa nitaliita bunda la taharuki. Pengine karata husema kwamba hapana lolote. Pengine huleta maafa. Bunda likiisha, wote wameshindwa. Akifa mmoja, wote wameshindwa. Hata utepe wa wino wa mashine ya kupiga chapa, ambao katika mchezo wa video ulitumika kuhifadhi mahali alipofika mchezaji, umehamishiwa mezani ukawa mali ya kuonewa uchu. Kwa hiyo hofu ya mtu mmoja imegeuzwa kuwa hofu ya baraza. Naona kwamba hapa mbunifu amefanya kazi ya mfasiri mzuri: ameacha maneno, akachukua maana.

Jambo hili la kushinda pamoja au kushindwa pamoja ni geni katika michezo tuliyoizoea. Katika bao, drafti, karata na ludo, furaha ya mmoja ni huzuni ya mwingine. Lakini si geni katika maisha. Ni ujima tu ulioletwa mezani. Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro, ambao tangu zamani wamegawana maji ya mifereji kwa zamu na kwa shauri la wazee, hawahitaji kufundishwa kwamba kitu kichache huhifadhiwa kwa maneno mengi. Wenzangu mezani waliielewa kanuni hii kabla sijamaliza kuisoma.

Dosari zipo, nazo nitazitaja kwa ufupi. Kitabu cha kanuni kimeandikwa kwa Kiingereza kirefu na chenye mafundo. Vyumba vimechorwa kwa rangi za giza mno. Chini ya taa moja twalitafuta lango kwa vidole. Tena, kama ilivyo katika michezo mingi ya kushirikiana, mwenye sauti kubwa aweza kuwachezea wenziwe wote. Methali yasema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini wengi hao sharti wasemeshwe, si waamrishwe.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Tulikuwa watu 4: mwalimu mstaafu mwenye nyumba, mjukuu wake wa shule ya sekondari, fundi cherehani jirani, na mimi. Majengo ni mtaa wa watu wa kabila nyingi, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yetu sote. Kanuni nilizifasiri papo hapo kwa mdomo. Nilipofika kwenye neno “zombie” nilisita, kisha nikasema “zombi”, kama vijana wasemavyo.

Jioni ile ya kwanza nilisikiliza kwa sikio la mwanasarufi. Kijana alisema, “Zombi limeingia.” Fundi akasema, “Yale mawili yanakuja.” Na wakati wa kupiga, wote kwa pamoja: “Lipige!” Hapana aliyewafundisha upatanisho huo. Neno la kigeni lilipokelewa moja kwa moja katika ngeli ya ukubwa na karaha, na kwa kuwa kiumbe kilikuwa “li-”, risasi iliyotoka haikuwa na swali.

Upatanisho huo una historia. Methali yetu yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, wala haisemi “anayekujua”. Zimwi, ambalo kwa Kichaga huitwa irimu, ni kiumbe cha ngano, nje ya jamii ya watu, na sarufi imelitenga huko. Hata hivyo zimwi la ngano lina akili: husema, huimba, huposa, hufanya mapatano na kuyavunja. Methali yenyewe yadai kwamba lakujua. Zombi wa mezani hamjui mtu. Kwa hiyo kuwaita viumbe hawa mazimwi ni kuwapa heshima wasiyokuwa nayo.

Je, majini? Neno hili lina kesi ya pekee, maana watunzi wa Capcom walikwisha kulichagua wenyewe. Mwaka 2009 walitoa mchezo wa tano wa mfululizo huu, ambao wachezaji wawili waweza kuucheza pamoja, mmoja akiwa Chris Redfield, yule kaka aliyetafutwa, na mwingine Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika. Kisa kimewekwa katika nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi, mahali paitwapo Kijuju. Nao watu walioambukizwa wamepewa jina la Majini, na husema Kiswahili. Picha za kwanza zilipotolewa mwaka 2007 palizuka malalamiko, kwa kuwa zilimwonyesha Mzungu akiwapiga risasi Waafrika makundi kwa makundi. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, lakini sisi wa lugha tuna la kwetu la kuongeza.

Jina Kijuju sitalilaumu kwa kiambishi chake; Kibosho, Kilema na Kilwa ni mahali pia. Ninalolaumu ni namna maneno yalivyookotwa kamusini. Kiumbe kirukacho kinachomtoka mtu mwilini kimeitwa Kipepeo. Kingine chenye umbo la buibui kimeitwa Bui Kichwa. Na jitu kubwa lifananalo na popo limeitwa Popokarimu, kana kwamba limesifiwa kwa ukarimu wake. Tena Kiswahili, lugha ya pwani na bara ya upande wetu, kimepelekwa magharibi ya Afrika kikawa sauti ya kutisha tu, ambayo haikukusudiwa kueleweka na yule ashikaye bunduki. Neno “majini” nalo halikufaa. Jini katika imani ya watu wa pwani ni kiumbe wa asili yake: ana kabila, ana dini au hana, hupanda na hupungwa. Hakuwa mtu kamwe. Lakini wale wa Kijuju walikuwa watu, waliotiliwa kimelea mwilini. Kuwaita majini ni kusema kwamba hawakupata kuwa watu.

Jioni ya pili mwalimu, aliyekuwa akinyamaza, alitazama sanamu iliyosimama mlangoni mwa chumba tulichotaka kuingia, akasema: “Mjukuu wangu, mbona hawa ni misukule?” Tangu hapo mchezo ulibadilika. Msukule, au ndondocha kama wasemavyo watu wa kusini, katika imani ya wengi ni mtu aliyedhaniwa amekufa, akaliliwa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa na mchawi akafanywa mtumwa asiye na akili wala ulimi. Kwa umbo, neno hili hufuata m- na mi-, kama mtume na mitume, lakini upatanisho wake ni wa mtu: msukule amekuja, misukule wanakuja. Yule kijana aliinua dadu na kusema, “Basi bibi, ni—” akakwama. Hakuweza tena kusema “lipige”. Alisema “nimpige?”, na lilikuwa swali.

Bibi yake akamjibu, “Huyo ni mtoto wa mtu. Kama njia ipo, mpite.” Tukampita. Mchambuzi mkali aweza kusema kwamba tuliokoa risasi, si mtu, na kwamba kanuni za mchezo zenyewe humfundisha mchezaji kukwepa. Ni kweli. Lakini jioni ya kwanza, tulipookoa risasi, tulizungumza juu ya risasi. Jioni ya pili tulizungumza juu ya yule aliyesimama mlangoni: alikuwa nani, na nani amemfanya hivyo.

Hapa fundi alitoa pingamizi ambalo singependa kulipita upesi. Alisema, “Shikamoo yako Mwalimu, lakini jina hilo tusilizoee. Nimeona mama mzee akifukuzwa kwao kwa sababu ya jina hilo.” Alikuwa na haki. Katika nchi yetu tuhuma za uchawi zimewaua vikongwe, hasa katika mikoa ya Ziwa Victoria, na penye msukule watu hutafuta mchawi. Naye anayetafutwa aghalabu huwa mnyonge asiye na wa kumtetea. Neno lililojaa huruma kwa aliyechukuliwa ladhuru pia asiye na hatia. Mfasiri alitumiaye bila kulijua hilo achezea moto.

Hata hivyo nasimama upande wa mwalimu, na sababu yangu imo katika kisa chenyewe. “Zombi” haulizi chochote, ameinuka, basi. “Msukule” hulazimisha swali la nani aliyefanya. Na katika Raccoon City jibu si kikongwe wa jirani. Ni kampuni yenye maabara, mishahara na wakubwa. Swali hilo likiulizwa hapa laelekea mahali pake, na pengine laweza kumfundisha mtu kwamba anayefaidika na watumwa wasio na ulimi hutafutwa kwenye daftari za hesabu kabla ya kutafutwa kwenye kibanda cha mjane.

Kwa njia hii neno la Kiswahili limenionyesha upungufu mkubwa wa mchezo huu, ambao Kiingereza chake kilikuwa kimeuficha. Mezani pana sanamu za misukule, mbwa waliooza, warambaji wenye ndimi ndefu. Yupo hata William Birkin, mtaalamu wa kampuni aliyejidunga kirusi chake mwenyewe akawa dubwana. Lakini kampuni haina sanamu, haina karata yenye uzito, wala hapana tendo hata moja kati ya yale 4 ambalo laweza kuielekea. Mchawi hana kete. Wachezaji wamepewa njia ya kuwapiga waliodhulumiwa na njia ya kuwakimbia, hawakupewa njia ya kumfikia mdhalimu. Huu ni upungufu wa utunzi, wala si wa wino na karatasi.

Kwa yeyote atakayefasiri kanuni hizi siku moja, shauri langu ni kwamba “zombi” libaki katika jalada, ambapo mnunuzi hulitafuta, lakini ndani aandike “msukule”, kwa upatanisho wa a- na wa-, na aongeze maelezo mafupi ya pingamizi la fundi. Bunda liitwe la taharuki. “Majini” tuwaachie wenyewe majini.

Jioni ya mwisho tulishindwa. Bunda liliisha tukiwa hatua chache kutoka mlango wa nje, kwa sababu tulizunguka mara 2 ili tusimpige mmoja. Kijana alikasirika kidogo, kisha akakusanya sanamu na kuzirudisha sandukuni. Nilimsikia akizihesabu: mmoja, wawili, watatu.