Pongezi kwa Mafundi Mitambo

Msibani Muleba, waombolezaji wakiwa bado njiani, fundi mitambo ameshafika. Anapitisha nyaya kati ya migomba, jenereta analiweka mbali, kule upepo unakoelekea, na spika anazitanguliza mbele ya msemaji, maana maiki ikiinasa sauti ya spika hupiga mluzi wa kukera masikio.

Kazi hii ina hesabu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo spika ya pili iliyo mita 34 nyuma ya ile ya kwanza hucheleweshwa sehemu ya kumi ya sekunde, la sivyo wasifu wa marehemu husikika mara mbili.

Mengine yanataka sikio. Kanisani Bukoba hupima mitambo Jumamosi, jengo tupu likirudisha mwangwi. Jumapili miili na nguo za waumini humeza sauti, naye huanza upya, akimwangalia mzee wa benchi la mwisho kama anasikia. Mvua ikipiga bati, na mvua ya Bukoba si ya mchezo, haongezi sauti ovyo: hupunguza besi ili maneno yapenye.

Sisi humgeukia spika zinapokoroma tu. Kamati za harusi na misiba, mlipeni ujira wake wote kabla hajakunja nyaya.