Mchagua Fyuzi

Transfoma ya kVA 100 kwenye laini ya kilovolti 11 huvuta ampea 5 na robo tu ikiwa imebeba mzigo wake wote. Asiyeijua kazi atachukua uzi wa fyuzi unaokaribia hapo, afunge, ashuke nguzoni. Lakini transfoma inapowashwa, chuma chake hudai mkondo wa kujisumakisha, pengine mara 10 au 12 ya ule wa kawaida, kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Uzi mwembamba kupita kiasi huungua palepale, na hakuna kilichoharibika. Ukiwa mnene kupita kiasi, koili zinaiva huku fyuzi ikitazama.

Ustadi uko katikati ya hayo mawili, na nafasi ni finyu. Kwa transfoma nyingi za mitaani, fezi moja ikigusa ardhi upande wa nyumbani, upande wa juu, wa laini, ilipo fyuzi hii, huona kama asilimia 58 tu ya mkondo ambao ungeonekana fezi zote tatu zingegusana. Hitilafu inanong'ona, na uzi unatakiwa kusikia.

Ninachomheshimia mchaguzi mzuri ni kukubali kwake kwamba fyuzi hii haizuii kuzidiwa mzigo. Uzi wa aina ya K wa ampea 10 huvumilia karibu ampea 20 kwa dakika 5 nzima. Mashine za kusaga zikizidi, hiyo ni kazi ya fyuzi za upande wa chini. Huu wa juu kazi yake ni kuitenga transfoma iliyokufa ili vijiji vingine kwenye laini vibaki na umeme.

Kandokando ya Ziwa Victoria, radi nayo ina neno lake. Transfoma ya kVA 50 kwenye kilovolti 33 haifikishi hata ampea moja. Ukifuata hesabu tupu utafunga unywele, na kila mvua ya ngurumo itawaamsha mafundi. Hapo mchaguzi anaongeza unene kwa makusudi, wala simlaumu.

Fyuzi moja ya juu ikikatika, mara nyingi nyumba zilizo kwenye fezi moja huendelea kuwaka vizuri na zilizo kwenye fezi mbili nyingine hubaki na taa hafifu, nusu ya volti. Fundi makini hubadilisha nyuzi zote tatu. Mbili alizozitoa zinaonekana nzima kabisa, ila huenda ziliyeyuka kidogo bila kukatika, na hazitakatika tena kwa muda ulioandikwa kwenye mchoro wa muda na mkondo wa fyuzi.