Tunda la Ukakasi

Ukilichuma tufaha la Kingston Black mtini, ukalifuta na kulitia jino, utalitema. Ni dogo, jekundu la kukolea hadi linakaribia weusi, na kwa macho linavutia. Mdomoni huja ukali kwanza, halafu ulimi unakauka na fizi zinashikwa kama umekula bibo la korosho ambalo halijaiva. Wakulima wa Somerset, magharibi mwa Uingereza, wamelilea tunda hili na wenzake wa aina hiyo kwa vizazi, wala hawakulikusudia meza. Walilikusudia pipa. Humo ndimo hupatikana saida, pombe ya matufaha, na huo ukakasi ndio mtaji wake.

Tufaha la dukani, tamu na lenye maji mengi, hutoa kinywaji chepesi kinachopita kooni bila kuacha habari. Hamira huila sukari ikaigeuza kileo. Ladha ni kile kinachosalia baada ya hapo, na tunda lisilo na tanini, ile iletayo ukakasi, halina cha kusaza. Mwaka 1903 kilianzishwa kituo cha utafiti huko Long Ashton, karibu na Bristol, na mtaalamu wake B. T. P. Barker akayagawa matufaha ya saida mafungu manne kwa kipimo cha tanini na asidi: matamu, makali, machungu-matamu na machungu-makali. Kingston Black ni la fungu la mwisho, na ni miongoni mwa machache yanayotoa saida nzuri bila kuchanganywa na mengine. Mti wake una usumbufu: huzaa haba, tena hushikwa na donda la gome. Bado watu wanaupanda.

Mbegu ya tufaha haina uaminifu. Ukipanda kokwa za tunda zuri, kila mche utakuja na tabia yake, na mingi haitafaa kitu. Anayetaka mti uleule hana budi kubebesha, kazi anayoijua vizuri mkulima wa parachichi wa Njombe: unakata kikonyo chenye macho mawili matatu, unakichonga, unakiingiza kwenye shina lililopasuliwa hadi ubichi wa chini ya magome mawili ukutane, unafunga. Mwanzoni mwa karne ya 20, mkulima William Dabinett aliuona mtufaha uliojiotea kwenye ua wa vichaka huko Middle Lambrook, Somerset. Kila mti wa Dabinett ulioko duniani leo ni kipande cha ule mmoja, na ni katika matufaha ya saida yanayopandwa zaidi Uingereza. Nikifikiria kwamba mtu angeweza kuukata siku ile ili kusafisha ua, nazidi kuwaheshimu wanaotazama kabla ya kushika panga.

Miti ya kizamani hukuzwa mirefu, matawi yakianzia juu ya vichwa vya ng'ombe, na kuachiwa nafasi ya mita kumi hivi ili mifugo ilishe chini yake. Hiyo haizai sana hadi miaka mingi ipite, kisha huzaa maisha yote ya aliyeipanda, na ya mwanawe pia. Mzee anayeipanda anajua wazi kwamba mapipa mengi yatakayojazwa kwa miti hiyo hatayaonja. Huo ndio moyo wa ufundi huu kwangu, kuliko lolote linalotendeka ghalani.

Mavuno huanza Septemba na kuendelea hadi Desemba. Mti hutikiswa kwa ufito mrefu wenye ndoana, matufaha yanaanguka majanini, kisha hulundikwa yaendelee kuiva. Kipimo ni dole gumba: likizama kwenye nyama ya tunda bila nguvu, wakati umefika. Yanaoshwa, yanasagwa kuwa rojo, na hapo ndipo penye raha ya kutazama. Mkamuaji hutandika kitambaa juu ya chaga ya mbao, humwaga rojo, hulisawazisha kwa viganja hadi pembeni, hukunja ncha nne kuelekea katikati, huweka chaga nyingine juu, akaanza upya. Rundo likifika kiunoni, juisi imeshaanza kutiririka kwa uzito wa rojo lenyewe, kabla parafujo ya shinikizo haijazungushwa hata mara moja. Makapi hupewa mifugo.

Wakamuaji wa jadi hawatii hamira. Iliyomo kwenye shinikizo na mbao za mapipa inatosha, na juisi ikishakaa pipani siku kadhaa, povu la kahawia hufoka tunduni. Baridi ya Januari hupunguza kasi ya uchachu, na hilo ni jema, kwa kuwa harufu ya tunda haitoroki. Mwezi wa Aprili au Mei, joto lilelile linalofungua maua ya mitufaha huwaamsha bakteria pipani, nao huigeuza asidi kali ya tufaha kuwa asidi laini, ile ya maziwa.

Saida ya namna hii haihitaji barafu. Imimine ikiwa na ubaridi wa ghala, itazame rangi yake ya shaba, inywe taratibu pamoja na kipande cha jibini la Cheddar, ambalo nalo ni la Somerset. Utasikia ule ukakasi uliokufanya uteme tunda, sasa umetulia. Wasomaji ambao imani yao hairuhusu kileo nawaalika waishie shambani, na shamba linatosha.

Ila mashamba hayo yanapungua. Mengi yaling'olewa katika karne ya 20, na sheria ya Uingereza inaruhusu kinywaji kuitwa saida kikiwa na asilimia 35 tu ya juisi ya matufaha. Kinachobaki chaweza kuwa maji na sukari. Kinywaji hicho hakihitaji mzee wa kupanda mti. Kwa hiyo, wewe unayekunywa saida, popote ulipo, isome lebo kabla ya kulipa. Nunua ile iliyotengenezwa kwa juisi tupu, yenye jina la tunda na la mkulima, hata kama bei yake ni ya juu.