Urojo wa Kweli Umefika Dodoma

Jamani, nimeupata! Jana jioni nimekula bakuli mbili, na naandika haya uchachu wa embe mbichi ukiwa bado ulimini. Urojo, hapa hapa Dodoma, katika uchochoro karibu na soko la Majengo! Ukitaka kwenda baharini kutoka hapa, ni barabara ya kama kilomita 450 hadi Dar es Salaam, na Unguja yenyewe bado ng'ambo ya maji.

Mimi mtoto wa Mkunazini, Unguja. Kazi ndiyo iliyonileta huku, na huu ni mwaka wa pili. Chakula cha Wagogo sina ugomvi nacho: mlenda wa karanga kwa ugali wa uwele siku hizi nauulizia mwenyewe, na zabibu za hapa ni tamu sana. Lakini hamu ya urojo haitulizwi kwa kitu kingine. Hunipanda saa kumi za jioni kama homa ya vipindi, saa ambayo kwetu watu wanatoka makazini na kusimama kwa muuzaji, kila mmoja na bakuli lake mkononi.

Nilishatafuta sana. Mgahawa mmoja uliniletea kitu kizito cha manjano chenye vipande vya soseji vikielea, nikalipa nikaondoka. Nikajaribu kupika nyumbani. Maji ya bomba ninayoyapata yana chumvi yake, na sufuria nzima ilitoka na ladha ya dawa. Siku ile nililia, sikufichi.

Jana basi nimekatisha uchochoro huo nikielekea kununua mkaa, nikasikia harufu ya badia kwenye mafuta, na chini yake harufu nyingine: manjano na embe inayochemka. Miguu ikasimama yenyewe. Mama mmoja wa makamo, kanga mbili, meza moja, masufuria mawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikutilie na chatne?"

Nikutilie! Mwaka wa pili huu nawekewa tu: nikuwekee chai, nikuwekee wali. Neno lile moja lilinitosha kujua nimefika kwa nani. Akaniangalia usoni, akauliza, "Wa wapi weye?" Nikamwambia. "Basi kaa kitako," akasema, akanisogezea ndoo niikalie.

Alivunja viazi vya kuchemsha ndani ya bakuli, akatia badia mbili za dengu, kachori moja, nusu ya yai, akachomoa nyama kutoka kwenye mshikaki, halafu upawa wa mchuzi. Juu yake chipsi za muhogo nyembamba zinazovunjika kwa kuguswa, chatne ya nazi, na pilipili ya kusaga, ile inayokupanda puani.

Wengi hudhani urojo ni hivyo vinavyoelea. Sivyo. Badia na kachori ni vitafunio tulivyovipata kwa Wahindi, na utavila popote penye karai. Urojo ni mchuzi. Unga wa ngano kidogo unakorogwa kwa maji baridi mpaka usibaki hata donge, unamiminwa kwenye maji yanayochemka yenye manjano, chumvi na embe mbichi zilizochemshwa zikapondwa. Ndimu inakamuliwa mwisho. Unga ukizidi umepika uji. Ukipungua, una maji ya rangi. Na anayetegemea ndimu peke yake anapata ukali unaokata meno. Embe huleta uchachu wa duara, unaoanza taratibu na kukaa.

Wa mama huyu ni wa embe! Ni mwepesi, unateleza, unang'aa, na kila kijiko kinakuja na kitu kipya: nazi mara hii, pilipili mara ile, halafu kiazi kinachovituliza vyote. Nilimuuliza kuhusu maji. Akasema ya bomba hayagusi kwa mchuzi, ananunua ya madumu ambayo hayana chumvi. Miezi yote ile ya kujilaumu, kumbe ni maji! Nazi nazo huletewa na jirani anayekwenda Dar es Salaam na kurudi kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Ndiyo maana chatne yake ina utamu wa nazi iliyokunwa leo.

Lenye kasoro nalo nitalisema. Nyama ya mshikaki ilikuwa ngumu, inahitaji kulala kwenye papai usiku mmoja. Na badia za kunde hana, nami ndizo nizipendazo. Lakini nikiwa na mchuzi ule, hata viazi vitupu vingenitosha.

Bakuli ni shilingi 3,000. Anafungua saa kumi jioni, na jana kabla ya magharibi sufuria lilikuwa tupu, mimi nikiwa nimechangia sana kulimaliza. Wateja wengine walikuwa wanafunzi wawili wa chuo na dereva wa bodaboda, Mgogo, aliyeniambia hii ni wiki yake ya tatu na sasa anakuja na mkewe.

Nilipoaga, mama aliniambia kesho atakaanga katlesi, na kwamba bakuli langu ataliweka pembeni nikichelewa. Sasa hivi ni saa tisa na nusu. Sichelewi.